Kijiko cha Pambo: Ufundi wa Kuchonga Vijiko vya Zawadi

Kijiko cha pambo ni kijiko cha mti kinachochongwa kwa mkono, kwa kawaida kutoka kipande kimoja kisichoungwa kwa gundi wala msumari, na ambacho tangu mwanzo hakikukusudiwa kuingia chunguni. Hutolewa zawadi, hutundikwa ukutani, au hufungiwa sandukuni pamoja na vitu ambavyo mwenyewe hapendi vipotee. Kinachojulikana zaidi duniani ni kile cha Wales, magharibi mwa kisiwa cha Britania, ambako kijana alimchongea msichana aliyemtaka na watu wakakiita kijiko cha mapenzi. Mtu wa Nundu, kando ya Ziwa Tanganyika katika wilaya ya Fizi, anaweza kujifunza mengi kwa Wawelsh, ila hana sababu ya kuanzia kwao. Ng'ambo ya milima ya Itombwe, inayomwinukia upande wa magharibi, wanaishi Walega, ambao vijiko vyao vya sherehe leo vinalindwa nyuma ya vioo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Makala haya yanaanzia kwenye mwiko wa jikoni, yanapita huko, kisha yanarudi kwenye mti, kisu na namna ya kukata.

Mwiko kwanza

Kila jiko la Nundu lina mwiko, na anayetaka kuchonga chochote na aanze kwa kuutazama huo. Bugali wa muhogo ni mzito na unavuta. Mwiko wake huwa mrefu, bapa, mnene shingoni, kwa kuwa nguvu yote ya mkono inapitia hapo. Uliotumika miaka kadhaa huwa umelika upande mmoja tu wa ncha, ule unaokwaruza sufuria kufuatana na mkono wa mpishi. Mpishi wa mkono wa kushoto huula upande wa pili. Hakuna anayeuwekea nakshi mwiko wa namna hiyo. Bugali ungeganda katika kila mfereji, moshi ungejaza uliobaki, na mwenye nyumba angelaumiwa kwa uchafu usio wake.

Kijiko cha pambo kimeachishwa kazi hiyo, na hapo ndipo mchongaji anapopata nafasi. Mpini unaweza kupanuliwa, kutobolewa, kusokotwa, kugawanywa mara mbili na kuunganishwa tena. Hata hivyo lazima kibaki kijiko: bakuli, shingo na mpini vitambulike kwa mtazamo mmoja. Vingi vinavyouzwa kwa watalii katika miji mikubwa vimeshindwa hapo hapo. Mpini umejaa twiga na maua, bakuli limewekwa mwishoni kama jambo lililosahaulika, na umbo zima halina tofauti na ubao.

Vijiko vya bwami

Walega wanaishi hasa Mwenga na Shabunda katika Kivu ya Kusini, na Pangi katika Maniema. Wana undugu wa karibu na Babembe wa Fizi, na pande zote mbili zilikuwa na chama cha bwami, chenye madaraja ambayo mtu aliyapanda kwa mafunzo, kwa mali iliyochangwa na ndugu, na kwa mwenendo uliokubalika mbele ya wenzake. Kwa Walega daraja la juu kabisa huitwa kindi. Vijiko vya pembe za ndovu na vya mfupa, viitwavyo kalukili, vilikuwa miongoni mwa vitu vya wakubwa hao. Ni vidogo, vinakaa katika kiganja. Vingine vina mpini unaodokeza mwili wa mtu kwa mikato michache tu, vingine havina pambo ila duara ndogo zenye nukta katikati. Vilitiwa mafuta na kupakwa unga mwekundu wa mti kila vilipotolewa, ndiyo maana vilivyobaki vina mng'ao wa manjano hadi wekundu ambao mtu akiigiza kwa vanishi anaumbuka mara moja.

Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kati ya Babembe na kisha Walega kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, alieleza jambo hili kwa kirefu katika kitabu chake Lega Culture cha mwaka 1973. Alionyesha kwamba kitu cha bwami hakikuwa na maana moja iliyogandishwa. Kilitolewa mkobani wakati wa mafunzo, kikachezwa, kikaimbiwa methali, na methali ndiyo iliyokipa maana ya siku ile. Sanamu ileile ingeweza kumwonya mlafi leo na kumsifu mzee kesho. Nadhani hili ndilo fundisho kubwa ambalo mchongaji wa leo anaweza kulichukua kutoka nchi yake mwenyewe, na nitalirudia tutakapofika kwenye alama.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipiga marufuku bwami. Vitu vingi vya chama vilitoka mikononi mwa wenyewe, vikauzwa, vikasafiri mbali. Mmoja wa wakusanyaji wakubwa alikuwa Mmarekani Jay T. Last, mwanafizikia aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Fairchild Semiconductor. Mkusanyiko wake ndio uliokuwa msingi wa maonyesho makubwa ya sanaa ya Walega yaliyofanywa mwaka 2001 katika Makumbusho ya Fowler, Los Angeles. Vitu vilivyokuwa vikionekana na waliofuzu tu vikawa vya kutazamwa na yeyote anayeingia mlangoni.

Pembe za ndovu, bila shaka, zisikuingie akilini. Nchi zilizo katika mkataba wa CITES ziliamua mwaka 1989 kuzuia biashara yake ya kimataifa, na ndovu wenyewe wamekwisha katika sehemu nyingi za mashariki mwa Kongo. Mfupa wa paja la ng'ombe, uliochemshwa na kukaushwa, unatosha kwa anayetaka weupe ule. Makala haya yanabaki kwenye mti.

Kwa wengine

Kijiko cha Wales chenye mwaka wa zamani zaidi katika makumbusho ya St Fagans, karibu na Cardiff, kimechongwa 1667. Mti uliopendwa huko ni sikamori, kwa kuwa haukiachii chakula ladha wala rangi. Vijana wa mashambani walichonga jioni za majira ya baridi, na kazi ilisema mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtu amependa, na kwamba mikono yake si mivivu. Baba wa msichana alisoma hilo la pili. Wanorwe walikuwa na vijiko viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo wa mti, bwana na bibi harusi wavitumie pamoja. Kusini mwa Afrika, wachongaji wa Kitsonga wa karne ya 19 walitengeneza kitu kinachofanana sana na hicho, vijiko viwili na mnyororo kutoka kipande kimoja, bila kuonana na Mnorwe yeyote. Huko Liberia na Côte d'Ivoire, Wadan walimpa mwanamke mkarimu kuliko wote kijijini upawa mkubwa wenye mpini wa miguu ya binadamu; umbo hilo ndilo linalotajwa kuwa lilimpa Alberto Giacometti wazo la sanamu yake ya mwanamke kijiko ya 1926 na 1927.

Karibu na sisi, Wakamba wa Kenya ndio waliogeuza uchongaji kuwa biashara. Mutisya Munge wa Wamunyu ndiye anayekumbukwa kuwa aliuanzisha kwao baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa ameuona kwa wachongaji wa Tanganyika. Vijiko vyao vya saladi vimefika kila bara. Ni kazi safi, lakini vinachongwa kwa mamia, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Mti gani

Mchongaji wa kujifurahisha hahitaji msitu. Matawi yanayokatwa kwenye miti ya matunda uani yanatosha kwa miaka. Mpera ndio ningeuweka mbele: una nyuzi za karibu, ni mgumu bila kuwa mkaidi, na watu wanauamini tangu zamani kwa mipini ya majembe. Mlimau na mchungwa ni mizuri zaidi kwa nakshi ndogo, ila vipande vyake ni vyembamba na vinapasuka ukivikausha kwa haraka. Mti wa avoka ni laini, unafaa kwa mwanafunzi, ingawa kona kali hazishiki. Mwembe uko kati kwa kati, na utomvu wake huwawasha baadhi ya watu.

Mvule una sifa ya kuwa mti wa fundi, na unastahili, lakini kwa milango na mitumbwi. Kwa kijiko nyuzi zake zinapishana. Unakata vizuri upande mmoja, sentimita mbili mbele unang'oka. Vumbi lake linawasha pua na ngozi. Mukula mwekundu wa misitu ya kusini unavutia macho, lakini biashara yake ya kimataifa iko chini ya uangalizi wa CITES tangu 2019, na anayemtumia ndugu yake kijiko Marekani hataki kijiko kiwe kesi ya forodha. Katika Hifadhi ya Itombwe, iliyotangazwa 2006, mtu asikate kitu. Na miti miwili ya uani isiguswe kamwe kwa kijiko chochote: oleanda ya maua, ambayo yote ni sumu, na mnyaa wa ua, ambao utomvu wake unaweza kuunguza jicho.

Tawi lipasuliwe kwa shoka. Likikatwa kwa msumeno, nyuzi hukatizwa bila wewe kujua, na kijiko kitavunjika shingoni siku ya kwanza. Likipasuliwa, mpasuko unafuata nyuzi zenyewe, nawe unaona mti unavyotaka kwenda. Ondoa kabisa kiini, ule uzi laini wa katikati, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Mti unapokauka hausinyai sawasawa: kwa urefu karibu hausinyai, lakini kwa kuzunguka duara za mwaka husinyaa takriban mara mbili zaidi ya unavyosinyaa kutoka kiini kuelekea gamba. Nusu ya tawi isiyo na kiini ina nafasi ya kujikunja bila kupasuka, na tawi zima halina.

Chonga mti ukiwa mbichi, kwani kisu kinapita kwa urahisi, halafu uache kijiko kikauke pole pole kikiwa kimezikwa ndani ya maranda yake kivulini. Ncha hukauka upesi kuliko mbavu, kwa hiyo zipake nta ya nyuki. Mwezi wa Juni hadi Agosti, kiangazi kinapokausha upepo wa ziwa, kazi hii inahitaji uangalifu zaidi kuliko majira ya mvua.

Visu na kukata

Shoka dogo au panga kali, kisu kifupi kilichonyooka, na kisu kilichopindwa cha kuchimbia bakuli: hivyo vitatu vinatosha. Kile kilichopindwa ndicho kisichopatikana dukani. Mhunzi anaweza kukipata kutoka tupa iliyochakaa au kipande cha resori ya gari. Akikipinda na kukizima ndani ya maji kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, hivyo lazima akirudishe kwenye moto mdogo mpaka kipate rangi ya majani makavu. Mhunzi anayeruka hatua hiyo amekuuzia kioo.

Sheria kubwa ni moja: kata ukitoka palipopana ukielekea palipo pembamba. Kutoka tumbo la bakuli unateremka hadi shingoni, kutoka mpini nao unateremka hadi shingoni, na mikato miwili inakutana hapo. Ukienda kinyume, ncha ya kisu inaingia chini ya nyuzi na kuinua kibanzi kirefu ambacho hakirudi. Ndani ya bakuli sheria ni ileile kwa umbo lingine: kutoka ukingoni kwenda sakafuni, kila upande kwa zamu yake, na sakafu yenyewe isawazishwe kwa mikato ya kukingama.

Bakuli lichimbwe kabla ya mgongo wake. Kipande kikiwa bado kinene kinakaa imara, na ukimaliza ndani unajua ni kiasi gani uondoe nje. Unene wa ukuta upimwe kwa vidole viwili, kimoja ndani na kimoja nje. Milimita nne zinatosha.

Kisu kisielekee paja. Ndani ya paja mna mshipa mkubwa wa damu, na mchongaji aliyekaa kitini, kipande kikiwa kati ya magoti, ndiye anayejikata hapo. Viwiko vikae juu ya magoti, kazi iwe mbele yake. Hospitali kuu ya Nundu ina wagonjwa wa kutosha bila wachongaji.

Mnyororo unawashangaza watu kuliko pambo lolote, na siri yake ni fupi. Chukua kijiti cha pande nne sawa, upana wake kama vidole viwili. Kata kona zake nne kwa urefu wote mpaka ukikitazama kwa mbele uone alama ya kujumlisha. Sasa una mbawa mbili zinazokatana. Ya wima itatoa pete ya kwanza, ya tatu na ya tano; ya ulalo itatoa ya pili na ya nne. Zichore kwa penseli kila moja ikiingia ndani ya jirani yake, toboa matundu kwa kekee au ncha ya kisu, kisha punguza kidogo kidogo mahali pete zinaposhikana mpaka ziachiane. Pete huvunjika kwenye miviringo yake miwili ya mwisho, kwa sababu pale nyuzi za mti zinakatiza badala ya kufuata umbo, kwa hiyo hapo iachwe nene kuliko mbavuni. Sikiliza mti: kabla ya kuvunjika hutoa mlio mwembamba, nawe una nafasi ya kuacha.

Tufe ndani ya kizimba ni ndugu wa mnyororo. Nguzo nne zinaachwa kwenye kona, katikati panapunguzwa mpaka tufe likatike na kuanza kucheza. Likiwa dogo kuliko nafasi kati ya nguzo mbili litaanguka, na jioni mbili tatu za kazi zitaanguka nalo.

Alama na mapambo

Vitabu vidogo vinavyouzwa Wales vina orodha: moyo ni mapenzi, gurudumu ni ahadi ya kufanya kazi, kufuli au tundu la ufunguo ni nyumba, nanga ni kutulia. Orodha hizo zinamfaa mgeni, lakini ni za juujuu. Hapa ndipo ninaporudi kwa bwami. Alama hupata maana kwa maneno yanayosemwa inapotolewa, na kijana wa Nundu ana methali nyingi kuliko mioyo ya kuchora. Kafi na mtumbwi, mgebuka aliyejipinda kufuata mkunjo wa mpini, kikonyo cha mchikichi chenye matunda, jani la muhogo lenye vidole vyake: vyote vinachongeka, na kila kimoja kina methali zake nyumbani. Jani la muhogo linapendeza hasa juu ya bakuli, kwa kuwa vidole vyake vinaenea kutoka shingoni kama vilivyotengenezewa pale.

Sura za barakoa ya 'alunga ya Babembe, yenye nyuso mbili na macho makubwa yaliyochimbwa, ningeziacha. Zina wenyewe na zina mahali pake, na kijiko cha mchumba si mahali pake. Duara lenye nukta ni jambo jingine: limetumika na watu wengi, ni zuri, na linachongeka kwa chuma chenye meno mawili, jino moja likae katikati na jingine lizunguke. Atakaye weusi achome nakshi kwa chuma chekundu cha moto. Rangi ya duka hufunika nyuzi, na nyuzi ndizo tulizokuwa tukizifuata muda wote.

Kumalizia

Kwaruza kwa kipande cha chupa iliyovunjika, kisha kwa karatasi ya msasa au majani ya mti wa msasa, Ficus exasperata, ambayo ukali wake unawatosha mafundi wengi wa Afrika. Loanisha kijiko, kiache kikauke, nyuzi zitasimama kama vinywele; ziondoe kwa msasa mara ya pili, nazo hazitasimama tena.

Mafuta ya mawese yako kila nyumba ya Fizi na kishawishi ni kikubwa. Yaache. Hayagandi juu ya mti: yanabaki ya kunata, yanatia doa la chungwa kwenye nguo iliyo jirani, na baada ya miezi yananuka. Mafuta ya kitani yanaganda kweli, lakini yanatoka mbali. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kusuguliwa kwa kitambaa wakati kijiko kina joto ndiyo njia ya kuaminika kwa kitu kisichokutana na maji ya moto. Ukiona unga mwembamba chini ya kijiko kilichotundikwa, kuna bungo ndani. Kiweke katika friza siku kadhaa kama ipo, au kwenye oveni yenye joto la chini.

Mwisho, mgongoni mwa mpini, chonga mwaka. Vijiko vya Walega vilivyo katika makumbusho huandikwa kuwa vya karne ya 19 au ya 20, bila jina la mchongaji, kwa kuwa wengi wa waliovichukua hawakuuliza. Kile cha St Fagans kina 1667 yake. Tarakimu zenye mistari minyoofu kama 1, 4 na 7 hukatwa kwa mikato miwili inayokutana chini. Zenye tumbo kama 2, 6 na 8 hung'oka mahali mkunjo unapogeukia kinyume cha nyuzi, kwa hiyo zivunje ziwe na pembe, na herufi za majina ya wapendanao zifanywe vivyo hivyo.